Mgonjwa Hana Malalamiko

Aline mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza kama mtu ni mzima, kisha mwandishi anasema huku sote tu wazima, na ndipo habari zinaanza. Hii yangu haitaanza hivyo. Sikuulizi kama u mzima kwa sababu najua utajibu nini. Utasema iko sawa. Na neno hilo ndilo lililonikalisha mezani jioni hii, wakati wewe uko hapo chini mtaani unasukwa nywele kwa Solange. Yule akishakamata kichwa cha mtu hakiachii upesi, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani.

Sitakuambia habari za funguo, wala za chakula, wala za watu wa kuogopa huko Johannesburg. Hayo Papa yako atakuambia kesho kuanzia mlangoni hadi basi linaondoka, na yakimwishia atarudia yale ya mwanzo. Mimi nataka kujibu swali lako. Ulikuwa Matric, mwaka wa mwisho wa sekondari. Ulirudi kutoka kanisani umevimba kwa hasira, ukanisimamia jikoni na kuniuliza, "Maman, juu ya nini ulimupatisha Papa haya mbele ya batu?" Nikakuambia nenda kaoshe vyombo. Uliviosha kwa kishindo, nusura uvivunje vyote. Hukuuliza tena, na mimi nikajifanya nimesahau.

Sasa umepata kazi kwenye kampuni ya bima huko Johannesburg, katika chumba kile ambamo madai ya wagonjwa husomwa, yakakubaliwa au yakakataliwa. Jumapili baada ya ibada Maman Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, alinishika mkono mbele ya wenzake akasema, "Maman Aline, umezaa mutoto, umemusomesha, sasa unamutuma kwa adui?" Wakacheka wote. Zaituni, yule mwenzangu wa kazini kutoka Tanga, yeye hata hakucheka. Aliniambia, "Shoga, huyu ndiye atakayekuwa anatukatalia sisi wenyewe." Waache waseme. Tangazo la kazi hiyo ni mimi niliyekuonyesha, na ningekuonyesha tena. Nitakuambia kwa nini.

Umekua ukiiona kazi yangu, lakini acha nikueleze kwa maneno yangu kabla hao hawajakueleza kwa maneno yao. Pale kliniki yetu ya vidonda, mtaa wa Berea, mtu anaingia na mguu, au kisigino, au mgongo ulioharibika kwa kulala kitandani. Sister Thandeka, nesi wetu, anasafisha, anapima urefu na upana, anapiga picha, anafunga bandeji, kisha anaandika alichokiona na alichoambiwa. Halafu maandishi yanakuja chumbani kwetu, mimi na Zaituni, nasi tunayageuza kuwa namba. Kidonda kina namba yake, na namba hiyo husema kimetoka wapi, kwenye sukari, kwenye mishipa au kwenye moto. Bandeji nazo zina namba, ile ya povu yake, ile iliyotengenezwa kwa mwani wa baharini yake, ile yenye dawa yake, kubwa mbali na ndogo mbali. Bima hulipia bandeji inayonyonya maji mengi kama kidonda kinatoa maji mengi. Maelezo na namba visipoelewana, dai linarudi, na mgonjwa anafungwa shashi ya kawaida.

Wako wanaosema kazi hii haina roho, kwamba unamchukua mtu mwenye maumivu unamfanya tarakimu. Nakataa. Mguu wa Papa yako haukuweza kupanda ndege ukajionyeshe Johannesburg. Kilichokwenda ni namba, picha na maneno machache ya nesi. Vitu hivyo vikienda hovyo, mguu wenyewe umekwenda hovyo. Ndiyo maana naipenda kazi yangu na siombi radhi kwa mtu yeyote.

Kidonda chake kilianza kama lengelenge chini ya kidole gumba. Sukari ilikuwa imeshautia mguu ganzi, na kule kiwanda cha rangi, mtaa wa Jacobs, anashinda amesimama, basi hakusikia kitu mpaka soksi ilipogandamana na ngozi. Bima ya kiwandani ilimruhusu kuja kwetu. Meneja akaniambia nisiguse dai la mume wangu, na alikuwa na haki, kwa hiyo namba zake aliandika Zaituni. Sister akamfunga bandeji nzuri, ile nene ya kunyonya, akamwambia isifunguliwe mpaka arudi.

Papa yako unamjua. Mtu wa Bukavu huyo, hatoki nje suruali haijanyooshwa. Kwenda kliniki kwake ni sawa na kwenda harusini. Basi kila asubuhi ya kliniki mimi nilikuwa naamka mapema, nachemsha maji, naifungua ile bandeji iliyolowa mpaka ikawa nzito, naitia kwenye mfuko, naufunga mfuko mafundo mawili, nateremka nao pipani. Kisha naosha mguu kwa sabuni mpaka harufu inakwisha. Nafunga mpya inayofanana nayo, ya akiba aliyotupa Sister. Soksi safi, viatu vimeng'arishwa. Suruali ulipiga pasi wewe. Ulidhani ile harufu ni ya bomba la chini, ukawa unamlalamikia mwenye nyumba kila ukikutana naye kwenye ngazi, na sisi tukakuacha uendelee.

Akifika kwa Sister anaulizwa, "Papa, mguu unaendeleaje?" Anajibu, "Iko sawa, Sister. Tunashukuru Mungu." Sister anafungua, anaona pakavu, pasafi, anaandika: maji kidogo, mgonjwa hana malalamiko.

Sisi hatujui kujibu vingine. Ukimuuliza mtu wetu habari zake, hata kama amebebwa, ataanza na shukrani. Malalamiko huja baadaye, baada ya chai, kama mwenyeji ana subira. Kliniki hakuna chai. Wana dakika chache za mgonjwa mmoja, na jibu la kwanza ndilo linaloandikwa.

Bima ikaleta jibu lake. Kidonda hiki hakitoi maji, mgonjwa hana malalamiko, bandeji hii haina sababu, tumieni shashi. Aline, niliwaita wezi. Niliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mtoto. Niliandika rufaa kwa jina la Papa yako, ikarudi. Nikaandika nyingine yenye hasira zaidi, nayo ikarudi upesi zaidi. Shashi ikawa inalowa saa ile ile inapofungwa, ngozi ikawa nyeupe na laini kama mkono uliokaa kwenye maji ya kufulia, vidole viwili vya mwisho vikageuka vyeusi, na hospitali wakavikata. Wewe uliambiwa ni sukari. Ni kweli ni sukari. Lakini pia ni sisi, na hilo hukuambiwa.

Zaituni aliniona ninavyokonda akanisogelea. "Shoga, tukipandishe hiki kidonda bwana. Tuandike namba ya kile kilichofika mfupani. Watalipa, na nani atajua?" Nilikaa na maneno yake mchana kutwa, na sikufichi kwamba nilitamani. Baadaye nikamwambia hapana. Usidhani ni utakatifu. Niliogopa tu kwamba ukiandika mfupa ambao hauumwi, siku mfupa ukiumwa kweli hakuna atakayekuamini, na wale wengine wote wanaokuja nyuma yako hawataaminiwa pia. Zaituni alininunia kidogo, kisha akaniletea maandazi.

Halafu siku moja tuko jikoni pale kliniki, wakati wa chakula, Sister Thandeka anakoroga chai yake, akaniambia, "Mama Aline, kuna kitu sikielewi kwa mzee wako. Kidonda hakipungui hata kidogo, lakini kila akija bandeji ni kavu, safi kama imetoka kwenye paketi sasa hivi."

Nikajivuna. Naapa, nilijivuna. "Si mimi ninayemwosha asubuhi kabla hajaja! Ile chafu naitoa, namfunga mpya. Nitamletaje kwenu na uchafu ule?"

Sister akaweka kikombe chini. "Eish, Mama. Mimi nahitaji ile chafu."

Nikasukuma sahani yangu kando. Mimi, mwanangu. Mimi ambaye siku nzima naandika namba za bandeji kwa kipimo cha maji ziliyonyonya. Ningekuwa nimeona dai kama lile la mtu mwingine ningesema hapa kuna kitu hakijasemwa. Lakini nyumbani kwangu sikuwa mwandishi wa namba, nilikuwa mke wa mtu nadhifu, na ushahidi wote wa mume wangu nilikuwa nautupa mwenyewe kwenye pipa la taka la mtaa wetu, Point, nikirudi juu nawatukana watu wa bima. Sijuti kuwapigia kelele. Wanastahili kelele mara nyingi. Lakini nilikuwa nawapigia huku mlango nimewafungia mimi.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata sikuchemsha maji. Papa yako akakaa ukingoni mwa kitanda na kitambaa chake, ananingoja. Nikamwambia leo hauoshwi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Maman Aline, niende ivi? Na harufu hii? Mi si mutu wa barabarani." Nikamwambia utakwenda ivyo ivyo, na malapa, kwa sababu kiatu kitakamua maji. Tulibishana hadi jirani akagonga ukuta. Mwishowe alikwenda. Ndani ya taksi, zile za abiria wengi, watu wakafungua madirisha, na yeye akatazama magoti yake njia nzima.

Na nani tumkute pale tunaposubiri zamu? Maman Mchungaji, amemleta mama yake mzazi. "Papa Aline, habari ya muguu?" Na Papa yako, watu wanavuta viti vyao kwenda mbali naye, anajibu, "Iko sawa, Maman. Tunashukuru Mungu."

Tukaitwa. Mlango ulikuwa bado wazi. Sister akamwuliza swali lile lile, naye, maji yanadondoka kutoka kwenye bandeji hadi sakafuni, mbele ya macho yetu sote, akajibu lile lile. Hapo ndipo nilipopasuka. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Haiko sawa! Andika haiko sawa! Analaza mguu kwenye mfuko wa plastiki asichafue shuka. Kazini anajificha chooni kubadilisha soksi. Vidole viwili vimekwenda na bado anashukuru! Andika, Sister, andika kila kitu!"

Barazani vichwa vyote vikageuka. Papa yako aligeuza uso akatazama ukuta, na baada ya hapo alikaa siku nyingi bila kunisemesha isipokuwa kuomba chumvi mezani. Hayo ndiyo Maman Mchungaji aliyoyapeleka kanisani, nawe ukayaleta jikoni kwangu.

Sister aliandika. Alipiga picha ya kidonda, akapiga picha ya bandeji yenyewe ilivyokuwa, akaandika ina uzito gani, inanuka vipi, ngozi ya pembeni ikoje. Zaituni akatafuta namba, za kweli, moja moja, bila kupandisha kitu. Na mimi nikapiga simu kwa bima, si kama mfanyakazi wa kliniki, nilipiga kama mke. Nikazungushwa kwa watu na miziki yao mpaka akaja kijana mmoja, sauti yake ya uchovu. Akanisomea, "Mama, hapa imeandikwa mgonjwa hana malalamiko."

"Basi andika malalamiko ni mimi," nikasema. "Fungua picha mpya. Naisubiri hapa hapa kwenye simu."

Angeweza kukata. Nilisikia vidole vyake kwenye kompyuta. Kisha nikasikia, "Eish." Kisha akasema, "Mama, haya si maji kidogo." Alinyanyuka akaenda kumwonyesha mkubwa wake, aliniacha na muziki, akarudi. Bandeji ikaruhusiwa. Kidonda kilifunga polepole sana, kikiniringia, lakini kilifunga. Jina la yule kijana silijui hadi leo.

Sasa nakujibu swali lako. Je, nilimpatisha Papa yako haya mbele ya watu? Ndiyo. Najuta? Hapana. Nirudishe leo kwenye mlango ule nitapiga kelele zaidi, na Maman Mchungaji nitamtafutia kiti cha mbele. Mguu uliopata haya siku ile ndio utakaokubebea sanduku kesho. Atakataa umsaidie, muache abebe. Na yeye mwenyewe, unajua anafanya nini siku hizi akienda kupimwa? Anakaa, anakunja suruali yake iliyonyooshwa, anasema, "Sister, nianze na mubaya ao na muzuri?" Kisha anaanza na mabaya, moja baada ya jingine, mpaka Sister anamwambia inatosha, Papa.

Kinachonikera ni kwamba vidole viwili vilikwenda kabla ya kelele yangu. Hicho nitakufa nacho.

Kwa hiyo usiende Johannesburg umeinama eti unakwenda kwa adui. Kuna mtu lazima akae kwenye kiti kile, na nataka awe mtu aliyekulia nyumba yenye harufu ile. Maneno hayo yatapita mbele yako kila siku, mgonjwa hana malalamiko, na wewe utajua kwamba huenda nyuma yake kuna mzee aliyeosha mguu asubuhi asiwachukize watu. Fungua picha. Kama picha haipo, iombe. Watakuambia unachelewa, wenzako wanamaliza mengi zaidi, na watakuita ofisini wakuulize una tatizo gani. Waambie unasoma. Wakikufukuza kwa hilo, rudi nyumbani siku hiyo hiyo, na uingie mlangoni kichwa kikiwa juu, nitakupikia sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki tule kwa kelele. Na ukikuta dai ambalo mtu ameandika mfupa ambao hauumwi, kataa, hata kama limetoka Berea na mwandishi ni mimi. Kataa, kisha unipigie simu unigombeze.

Sijakulea uwe mtakatifu. Nimekulea uwe yule wa kwenye simu aliyesema eish.

Limebaki moja, na ndilo lililonitoa usingizi wiki hii. Mwaka jana ulipokuwa ukijifunza kazi kwenye ile ofisi ya kwanza, kila jioni nilikuuliza, na kila jioni ulinijibu, "Iko sawa, Maman." Habari ya mkubwa wako wa kazi aliyekuwa akiiga matamshi yako mbele ya wenzako sikuisikia kwako. Niliisikia kwa Solange. Alikuwa ameona nywele zako zinavyotoka pembeni mwa kichwa, akakubana mpaka ukasema, kisha akanishika mtaani: "Maman Aline, mutoto yako iko na mawazo, kichwa kinaonyesha." Msusi alijua kabla yangu. Nilikuwa nalala chumba cha pili kutoka kwako, mwanangu, na ulikuwa unaniletea mguu uliooshwa.

Umejifunza kwetu, najua, wala sikulaumu. Lakini naukataa urithi huo. Nikipiga simu, usinioshee kwanza. Niletee bandeji ilivyo, na harufu yake, na usijali nani anafungua dirisha. Mimi pua yangu ilishazoea.

Na kwa kuwa siwezi kukudai kitu ambacho sitoi, naanza mimi. Siko sawa. Tangu ulipopata kazi hii nimefurahi mbele za watu, na nikiwa peke yangu nimekasirika kama mtu aliyeporwa. Juzi niliandika namba ya kisigino kwa mtu mwenye kidonda cha goti, Zaituni akanirudishia karatasi. Blauzi yako ya kijani, ile unayoitafuta tangu asubuhi, haijapotea. Nimeificha chini ya godoro langu, na sikupi.

Kesho ukifika ukipiga simu, Papa yako ataninyang'anya kabla sijasema, akuambie kwamba huku sote tuko sawa, tunashukuru Mungu. Mjibu kwa heshima, halafu usimwamini. Wewe ndiye msomaji sasa. Andika kwamba mama ana malalamiko.

Maman yako